NYWELE ZINAPOONDOKA: DAWA YA UPARA HUKODIWA, HAINUNULIWI



Katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Jego, maswali ya mbuzi, ya vyoo na ya mikopo huulizwa kwa sauti. Lakini liko swali moja ambalo akina baba huliuliza pembeni, mkutano ukishafungwa, mtu akiwa ameshika kofia yake mkononi: "Hivi, hizi nywele zinazoniisha utosini, zina dawa kweli?"

Jibu fupi ni hili: dawa zipo, na chache kati yake zinafanya kazi. Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, jua mambo mawili. La kwanza, je, huo ni upara wa kurithi ama ni ugonjwa? La pili, dawa ya upara si kama dawa ya malaria, ambayo ukimaliza dozi yako umepona. Dawa ya upara ni kama shamba la kukodi. Ukilipa kodi, unalima. Ukiacha kulipa, shamba linarudi kwa mwenyewe.

Basi hebu tuyaangalie mambo haya moja moja.

UPARA WA KURITHI NI NINI?

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Kila siku nywele 50 mpaka 100 huanguka zenyewe, na nyingine huota badala yake. Kwa hiyo ukiona nywele chache kwenye kitana, usishtuke. Kila unywele hutoka katika kitundu kidogo cha ngozi kinachoitwa kinyweleo. Hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika na kuanguka. Halafu kinyweleo huanza kazi upya.

Mwanamume ana homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Mwili huigeuza sehemu ya homoni hiyo kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo waganga huiita DHT. Kwa mtu aliyerithi upara, vinyweleo vya mbele na vya utosini haviivumilii DHT. Vinasinyaa polepole. Unywele mnene unakuwa mwembamba, halafu unakuwa laini kama malaika ya mtoto, na mwisho hauonekani tena. Vinyweleo vya kisogoni na vya juu ya masikio havijali homoni hiyo. Ndiyo maana mzee mwenye upara hubaki na nywele pembeni, kama ukingo wa kikapu.

Mambo haya yalianza kueleweka mwaka 1942. Mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawaoti upara. Walipopewa testosteroni, wale ambao jamaa zao walikuwa na upara nao walianza kupata.

Sasa, yako maneno ya barazani ambayo si kweli:

- Ati kofia huleta upara. Hapana. Kofia haizibi pumzi ya nywele. Nywele hulishwa na damu kutoka ndani.
- Ati ukinyoa mara kwa mara nywele zitarudi nene. Hapana. Wembe hukata kilicho juu ya ngozi tu, mzizi haujui chochote.
- Ati upara hutoka kwa wajomba peke yao. Urithi huu hutoka pande zote mbili, kwa mama na kwa baba.
- Ati mwenye upara ni tajiri. Wangapi tunawafahamu wana upara na bado wanadaiwa dukani?

Upara wa kurithi hauumi, hauwashi, hauambukizi, wala haupunguzi nguvu za mtu. Si ugonjwa. Kama haukusumbui, huna haja ya dawa yoyote.

KWANZA JUA: NI UPARA, AMA NI UGONJWA?

Hapa ndipo hatari ilipo. Mtu anapoteza miezi akijipaka mafuta, kumbe ana ugonjwa unaotibika. Angalia dalili hizi. Ukiona mojawapo, nenda zahanati kwanza, duka la dawa baadaye.

1. Mabaka yenye magamba na kuwasha, hasa kwa watoto. Hayo huenda ni mapunye. Ni ugonjwa wa ukungu wa ngozi, nao huambukizwa kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka dawa peke yake, kwa sababu ukungu umeingia mpaka ndani ya unywele. Mtoto huhitaji vidonge, kwa mfano griseofulvin, kwa wiki 6 mpaka 8 au zaidi, kwa kipimo anachopewa na mhudumu wa afya kulingana na uzito wake. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Kama kichwa kimevimba na kutoa usaha, usikipasue. Mwahishe hospitali, maana kovu likishaota, nywele hazirudi mahali hapo maisha.

2. Baka la mviringo, laini, lisilo na magamba, lililotokea ghafla. Hapo kinga ya mwili imeshambulia vinyweleo kwa makosa. Si laana wala si popobawa. Mara nyingi nywele hurudi zenyewe, na yako matibabu ya kusaidia.

3. Nywele kuanguka kwa wingi kichwa kizima. Jiulize: miezi 2 au 3 iliyopita uliugua homa kali, ulifanyiwa upasuaji, ama mama alijifungua? Mwili ukipata mshtuko, nywele nyingi hupumzika kwa pamoja na kuanguka baadaye. Hizi hurudi. Lakini zikiendelea, pima damu, kwani upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo pia huangusha nywele.

4. Nywele kutoka kwa viraka viraka kama nguo iliyoliwa na nondo, pamoja na vipele mwilini au viganjani. Hiyo inaweza kuwa kaswende. Pima, wewe na mwenzako. Kaswende inatibika.

5. Nyusi kuisha, pamoja na mabaka ya ngozi yasiyohisi ukiguswa. Wahi. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure.

6. Vipele vigumu kisogoni baada ya kunyolewa. Vijana wengi wanavyo. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa karibu sana na ngozi, huweza kujikunja na kurudi ndani. Vipele huwa vigumu, vikawa makovu, na nywele zikaisha hapo. Dawa ya kwanza ni kumwambia kinyozi: "Usikwangue kisogo, acha nywele fupi."

7. Nywele za mtoto kuwa nyekundu, nyepesi na kung'oka upesi, naye amevimba miguu. Huo ni utapiamlo. Huyo hahitaji mafuta ya nywele, anahitaji zahanati leo.

Hospitali yetu ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Si lazima kila mtu amwone daktari bingwa. Tangu mwaka 1992 kipo chuo cha magonjwa ya ngozi kule Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, ambacho hufundisha maafisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo uliza hospitalini kama yuko mhudumu aliyesomea ngozi, na uombe barua ya kumwona. Kuuliza si ujinga.

DAWA ZENYEWE

Tuseme umeangaliwa, na ni upara wa kurithi kweli. Dawa zenye ushahidi wa kutosha ni mbili.

Dawa ya kwanza: minoxidil (tamka minoksidili). Ilianza kama kidonge cha kushusha presha. Waganga wakaona wagonjwa wanaota nywele mpaka usoni na mikononi, ndipo wakatengeneza ya kupaka. Iliidhinishwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1988. Hupakwa kwenye ngozi ya kichwa iliyo kavu, kwa kawaida mara mbili kwa siku.

Mambo ya kujua:
- Wiki za mwanzo nywele huweza kuanguka zaidi. Wengi huogopa na kuacha hapo. Ni nywele za zamani zinazopisha mpya.
- Usitazamie chochote kabla ya miezi 3 au 4.
- Husaidia zaidi utosini, na kwa mtu ambaye upara wake ni wa karibuni. Pale ambapo ngozi imekuwa inang'aa miaka mingi, haifanyi kitu.
- Huweza kuwasha ngozi. Ukisikia moyo unadunda ovyo, kizunguzungu ama miguu kuvimba, acha na uende hospitali.
- Osha mikono baada ya kupaka. Weka chupa mbali na watoto: mtoto akiinywa, presha yake huweza kushuka vibaya sana.

Siku hizi baadhi ya madaktari huwapa watu vidonge vya minoxidil kwa kipimo kidogo. Hiyo ni kazi ya daktari, presha ikiwa imepimwa. Usivinunue mwenyewe.

Dawa ya pili: finasteride (tamka finasteraidi). Hii ni kidonge, cha wanaume peke yao. Huzuia mwili kuigeuza testosteroni kuwa DHT. Kidonge cha miligramu 5 kiliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa wazee wenye matatizo ya tezi dume. Cha miligramu 1 kikaidhinishwa mwaka 1997 kwa upara. Kwa wanaume wengi husimamisha upara usiendelee, na kwa wengine hurudisha nywele kiasi. Huchukua miezi 3 mpaka 6, na hukumu yake ni baada ya mwaka.

Lakini hapa, akina baba, sikilizeni vizuri. Na akina mama pia, kwa maana jambo hili ni la nyumba nzima.

- Kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa ama nguvu za kiume. Wengi wao hurudi sawa wakiacha, lakini wako walioeleza kwamba matatizo yaliendelea hata baada ya kuacha. Usimfiche mkeo kwamba unameza dawa hii. Nyumba ngapi zimeingia ugomvi kwa jambo ambalo lingeelezeka kwa dakika tano?
- Huweza kuleta huzuni nzito. Mwaka 2025 shirika la Ulaya linalosimamia dawa lilithibitisha kwamba mawazo ya kutaka kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Ukianza kuona dunia ni giza, acha dawa na umwambie mtu siku hiyo hiyo.
- Mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika au kusagwa. Dawa hii huweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni.
- Ukienda kutoa damu, waambie kwamba unaimeza. Damu yako inaweza kuwekwa kwa mama mjamzito.
- Ukienda kupimwa tezi dume kwa damu, mwambie daktari. Dawa hii hushusha kipimo hicho kufikia karibu nusu, na saratani inaweza kujificha nyuma ya namba nzuri.

Dawa zote mbili zina sharti moja: ukiacha, nywele ulizookoa huondoka tena katika muda wa miezi, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ndiyo kodi tuliyoitaja mwanzoni.

KUPANDIKIZA NYWELE

Kwa upara wa wanaume, kazi hii ilifanywa kwanza New York mwaka 1952 na daktari Norman Orentreich. Alichukua ngozi yenye nywele kisogoni akaipanda mbele, nayo ikaendelea kuota kama kwamba bado iko kisogoni. Ni kama kuhamisha miche: haiongezi idadi, inabadilisha mahali. Siku hizi wanaume wa nchi nyingi husafiri kwenda Uturuki kwa ajili hiyo.

Kwa nywele zetu kuna jambo la ziada. Mzizi wa nywele ya kipilipili umepinda hata chini ya ngozi, na daktari asiyezoea huikata akiing'oa. Tena, mtu ambaye jeraha lake huota kovu nene lililoinuka asifanyiwe bila kufikiri sana. Na hata baada ya kupandikizwa, nywele za zamani zilizobaki huendelea kuisha, kwa hiyo wengi huambiwa waendelee na dawa.

MAFUTA NA DAWA ZA MNADANI

Mafuta ya nazi na ya mbarika hulainisha nywele na ngozi. Ni mazuri kwa kazi hiyo. Lakini hayazuii DHT, na hayajawahi kuamsha kinyweleo kilichosinyaa. Kitunguu maji, mwarobaini, habasoda: jipake ukipenda, usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Jihadhari na chupa isiyo na jina la dawa wala tarehe ya kuisha, na muuzaji anayesema inatibu upara, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja. Dawa inayotibu kila kitu haitibu kitu. Nunua katika duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, nayo iwe imebandikwa mahali unapoiona. Omba risiti.

TUPIGE HESABU

Wanavikundi tumezoea kupiga hesabu kabla ya kununua kuku. Basi tufanye vivyo hivyo hapa. Huu ni mfano tu, si bei ya dukani.

Tuseme dawa inakugharimu shilingi 2,500 kwa mwezi.
Kwa mwaka: 2,500 mara 12 = shilingi 30,000.
Kwa miaka 10: shilingi 300,000.

Mwanakikundi anayetoa shilingi 200 kila wiki huweka shilingi 10,400 kwa mwaka. Kwa hiyo kichwa chake kinakula karibu mara tatu ya akiba yake. Akiishiwa mwaka wa pili, anaacha, nywele zinaondoka, na zile shilingi 30,000 za mwaka wa kwanza hazionekani tena zilikokwenda.

Hatusemi usitumie. Mtu mzima ana haki ya kupenda sura yake, na kwa kijana wa miaka 23 upara huweza kumtoa raha kweli. Asichekwe. Tunasema: uliza bei ya dukani, zidisha kwa 12, kaa na mwenzako, muulizane kama mtaweza kulipa mwaka hadi mwaka. Kama hapana, usianze. Na pesa ya zamu ya kikundi isiguswe.

NJIA ISIYO NA KODI

Njia ya rahisi kuliko zote ni kunyoa kichwa chote, ama kuacha nywele fupi sawasawa. Wengi wakishafanya hivyo hushangaa walikuwa wakihangaika kwa nini. Ila shika mambo mawili:

- Wembe uwe mpya, wa kwako peke yako. Wembe wenye damu ya mtu huweza kupitisha virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B. Mashine ya kinyozi isafishwe nywele, kisha ipanguswe kwa spiriti kabla ya kila mtu. Ukiona kinyozi anapuliza tu kwa mdomo, ondoka.
- Kichwa kisicho na nywele huungua. Mvuvi wa Vanga na mkulima wa Kiwegu wavae kofia yenye ukingo. Mwenye ualbino zaidi ya wote.

KICHWA CHA MTU SI USHAHIDI

Tunamaliza na jambo zito. Mwezi wa Juni 2017 polisi wa Msumbiji walitoa onyo kwa wanaume wenye upara, baada ya baadhi yao kuuawa katika wilaya ya Milange. Wauaji waliamini kwamba ndani ya kichwa chenye upara mna dhahabu. Watu walikufa kwa sababu ya jambo ambalo, kama tulivyoona, ni urithi na homoni tu.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Hapa kwetu pwani, Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mvi zao zikachukuliwa kuwa ndizo ushahidi. Mvi ni rangi iliyoisha ndani ya kinyweleo. Upara ni kinyweleo kilichosinyaa. Hakuna kingine humo. Mwanakikundi akisikia maneno ya namna hiyo yakianza juu ya mzee yeyote, hata kwa utani wa mnazini, ayakatishe hapo hapo na kumwarifu chifu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chetu wako watoto wenye mapunye? Wangapi wamepata vidonge, na wangapi wanapakwa mafuta tu?
2. Kinyozi wetu anasafisha mashine kwa nini? Nani atakwenda kuzungumza naye kwa heshima?
3. Mwanakikundi akitaka mkopo wa kununulia dawa ya nywele, tumpe? Hesabu yetu inasemaje?
4. Wazee wetu wenye mvi na upara wanajisikia salama? Tumewahi kuwauliza?